Mashua Iliyokaukia Kitengela

Vijana wanaojifunza kazi ya faibaglasi hapa Kitengela huja kunitembelea Jumapili baada ya ibada, na karibu wote huniuliza swali lile lile: kati ya mashua ya tanga ya zamani na ya kisasa, ipi iliyo bora? Huniuliza wakiwa tayari na jibu walilolisikia mahali. Mmoja ameambiwa na shemeji yake kwamba mbao zimepitwa na wakati. Mwingine amesikia kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara na vya leo ni takataka. Nimewauliza wote kama wamewahi kuweka mkono juu ya mashua za namna hizo mbili. Hakuna hata mmoja. Basi nawaandikia, kwa sababu mimi niliziweka ubavu kwa ubavu katika kiwanja kimoja nikazipima, na kwa sababu yaliyofuata hayajanitoka moyoni.

Asiyeujua mji huu zamani atashangaa kwamba tulitengeneza mashua mahali ambapo hata mto hukauka. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Katika miaka ya tisini karakana yetu, kando ya barabara ya Namanga, iliunda matangi ya maji. Aliyejua kuunda tangi la faibaglasi alijua pia kuziba tundu la mashua, hewa kavu ilisaidia gundi kushika vizuri, na kiwanja kilikuwa kikubwa. Wenye mashua za Naivasha na hata za Kilifi walizileta kwa trela, tukazitengeneza, zikarudi. Mimi nilikuwa nimesomea uhandisi, na kazi yangu ilikuwa ukaguzi: kusema kipi kizima, kipi kibovu, na kwa nini.

Watu hawakosi maneno. Mashua ya kwanza iliposimamishwa pale, akina mama wa kwaya walikuja kuuliza kama kuna mtu aliyeoteshwa ndoto ya gharika. Mwezi haujaisha, dalali mmoja akawa anawaonyesha wateja mlingoti wetu kutoka mbali na kuwaambia kwamba serikali itachimba ziwa upande wa Kajiado, kwa hiyo wanunue ploti mapema. Wapo walionunua. Mpaka leo wanaishi kwenye ploti hizo, wakisubiri lori la maji kama sisi wengine. Uvumi una miguu kuliko ukweli, nami niliuchukia tangu hapo.

Mwalimu wangu katika mambo ya mbao alikuwa Mzee Karanja, seremala kutoka Nyeri. Shuleni nilifundishwa nguvu za vitu kwa hesabu. Yeye alinifundisha kwa mpini wa nyundo. Mbao nzima ukiigonga hujibu kwa sauti kavu, fupi, iliyooza hunyamaza. Kisha unaingiza ncha ya kisu mahali palipofichika, chini ya rangi, karibu na msumari. Kisu kikizama bila kazi, hapo hapana mbao tena, pana unga uliovaa rangi. Faibaglasi nayo unaigonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita, ukisikiliza mahali ambapo mlio unageuka kuwa mzito kama wa tikiti lililoiva kupita kiasi. Hapo maji yamepenya kati ya tabaka. Nilimbishia mara nyingi, naye alinibishia, na hatukuwahi kumaliza ubishi bila kwenda kugonga.

Mzee Karanja alikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni. Alipokuwa kijana aliunda mashua ya tanga katika karakana moja ya Nairobi, ya mvule, kila ubao aliuchagua mwenyewe, kila msumari wa shaba aliugongomea mwenyewe. Iliitwa Kanga. Ilipokamilika ilipakiwa kwenye behewa la treni ikapelekwa pwani, naye akabaki Nairobi akitengeneza milango. Ikakaa majini miaka mingi, ikabadilisha wenyewe, na yeye asiione tena. Hata bahari yenyewe alikuwa hajawahi kuiona.

"Barasa, wewe unapenda ushahidi," aliniambia siku moja. "Mimi niliambiwa tu kwamba Kanga inaelea. Sijaiona."

Basi fikirini siku Kanga ilipoingia kiwanjani kwetu juu ya trela, rangi imechujuka, mlingoti umelazwa. Ilikuwa imenunuliwa na Daktari Simiyu, mtu wa kwetu magharibi aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliyetaka yeye na mkewe wakae mashuani miezi kadhaa kila mwaka, wakitembea taratibu kutoka Kilifi kuelekea Lamu. Mzee Karanja aliizunguka. Kisha akapanda, akashuka chini, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alimwomba Daktari kitu kimoja tu: itakapoteremshwa majini, naye awepo. Daktari alimpa mkono kwa ahadi hiyo.

Tuliirekebisha. Lakini kabla kazi haijamalizika, Daktari alipata nafasi ya kununua mashua ya kisasa, yenye urefu karibu sawa na wa Kanga. Akaileta kwetu tumzibie sehemu ndogo ya sitaha iliyokuwa imelowa ndani, na akanitaka nizilinganishe zote mbili nimwambie aingie baharini na ipi. Zote nilikuwa nimekwisha kuziendesha katika hori la Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, Kanga nilipotumwa kuikagua kabla ya kuletwa, na ile ya kisasa nilipokwenda kuitazama na muuzaji wake. Kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Sikilizeni sasa, kwa maana hili ndilo swali lenu.

Kanga ilikuwa nyembamba na nzito. Mkuku wake, yaani uti wa chini unaoshika mashua isipinduke, ulitoka karibu na omo, pua ya mashua, ukashuka taratibu mpaka nyuma kabisa, na ndani yake mlikuwa na uzito wa madini ya risasi. Usukani ulining'inia nyuma ya mkuku huo, umekingwa nao kama mtoto mgongoni mwa mamake. Ukigonga mwamba, mkuku ndio utakaogonga kwanza, utasikia mshindo, utatukana, utarudi nyuma. Baharini ilishika njia yake; ungeweza kufunga usukani kwa kamba ukanywa chai. Lakini ilikuwa nzito kuanza, ilihitaji nafasi kubwa kugeuka, na katika kubisha dhidi ya upepo ilikutesa: unakwenda kushoto, unakwenda kulia, na mnara ulioulenga bado uko pale pale unakucheka.

Ya kisasa ilikuwa pana, tambarare chini kama sahani, nyepesi kiasi cha kuvutwa na pikapu ya kawaida. Mkuku wake ulikuwa bapa moja fupi lililoshuka wima, limefungwa kwa bolti. Usukani ulisimama peke yake nyuma, bila kinga, kama kisu kilichochomekwa. Asiwadanganye mtu kwamba ilikuwa mbovu. Nilizifungua bolti nikazikagua, zilikuwa safi. Niligonga ubavu mzima kwa sarafu, ulikuwa mzima. Ilikimbia ikikaribia kuukabili upepo kwa namna ambayo Kanga isingeweza kuota. Iligeuka ilipo. Ilimtaka tu nahodha mwepesi na maji yenye kina.

Mkewe Daktari, Mama Nekesa, alifanya ukaguzi wake mwenyewe. Aliingia Kanga akiwa ameinama, akajigonga paji la uso, akatoka.

"Hii ni jeneza iko na dirisha," alisema.

Akaingia ya kisasa. Alisimama wima ndani. Akafungua mlango wa choo, akaufunga, akaufungua tena. Akakuta jiko la meko mawili na kitanda kipana kuliko walichokuwa nacho nyumbani. Tulimsikia akiimba wimbo wa kanisani mle ndani. Mzee Karanja, aliyekuwa chini akipiga randa, alimwambia kwa upole kwamba kitanda kipana ni kizuri bandarini, lakini baharini mashua ikilala ubavu, kadiri kitanda kilivyo kipana ndivyo unavyorushwa mbali. Mama Nekesa alimjibu kwamba amelala na Daktari miaka yote hiyo, kurushwa amezoea. Kiwanja kizima kilicheka, Mzee pia.

Nilimpa Daktari maoni yangu ana kwa ana. Nilimwambia kwamba kwa mbio, kwa maji yenye kina, kwa vijana wanne wenye mikono myepesi, achukue ya kisasa bila kufikiri. Lakini yeye alikuwa mtu mzima na mkewe, wakienda kwenye milango ya miamba ya matumbawe ambako hakuna asiyegusa chini siku moja. Siku hiyo ikifika, Kanga itaumia rangi. Ya kisasa itaumia usukani. Nikaongeza jambo la pili, na hili nililisema mara mbili: Kanga si ya kuwekwa nchi kavu. Iteremshwe mapema.

"Injinia, nimekusikia," alisema Daktari. "Lakini kule klabu ya mashua kila mtu ananiambia wooden boat ni kujitafutia shida."

"Kila mtu ni nani?"

"Kila mtu tu."

Hilo jina, "kila mtu", nimekutana nalo maisha yangu yote na sijawahi kumwona mwenye nalo. Daktari akachukua ya kisasa. Sikumlaumu moja kwa moja, kwa kuwa mtu huenda baharini na mkewe, si na mhandisi. Alimwahidi Mzee Karanja kwamba Kanga nayo ataiteremsha, mvua zikiisha tu, kwa sababu wakati ule udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa umelowa na trela nzito isingetoka kiwanjani bila kuzama hadi ekseli. Ya kisasa, kwa wepesi wake, ilitoka. Kanga ikabaki.

Hapa lazima mwelewe tabia ya mbao. Mashua ya mbao hukaza kwa sababu imelowa. Ubao hunywa, huvimba, husukumana na mwenzake, na ule ufa mwembamba kati yao hufungika kuliko lami yoyote inavyoweza kuufunga. Ikikaa juani hutokea kinyume. Ndiyo maana Mzee Karanja aliifunika Kanga kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni kutoka kwenye pipa lililojazwa na punda wa maji.

Jirani yetu, Ole Sironka, aliyelisha ng'ombe wake nyuma ya ua wetu kabla ya ua kuwepo, hakuacha kulishangaa jambo hilo.

"Sopa, Karanja. Hii kitu yako inakunywa kuliko ng'ombe yangu."

"Ng'ombe yako iko na miguu, itatembea itafute. Hii yangu itaenda wapi?"

"Na maziwa iko wapi?"

Walikuwa na maneno kama hayo kila asubuhi, na nadhani ndiyo yaliyowafanya marafiki.

Mvua zikaisha. Daktari hakuja, kazi ilimbana, kisha akawa pwani akiizoea mashua yake mpya. Mvua zilizotarajiwa baadaye zikakosa, na zilizofuata zikakosa pia. Mliozaliwa wakati ule waulizeni wazazi wenu jinsi Kajiado ilivyonuka, maana mizoga ilikuwa kando ya barabara yote ya Namanga. Asubuhi moja Ole Sironka alikuja na ndama waliosalia. Hakusalimia kwa utani. Hakuomba. Alisimama tu kwenye ua, na ndama wake wakasimama nyuma yake, mbavu zao zinahesabika.

Mzee Karanja alikuwa na mpira wa maji mkononi. Alitazama magunia, akatazama ndama. Kisha akauelekeza mpira upande wa pili wa ua. Hakunigeukia wala hakuniuliza maoni, na kama angeniuliza ningemjibu nini? Kuanzia siku hiyo maji ya pipa yakawa ya ndama, na magunia yakakauka.

Wiki zilipopita Kanga ikaanza kufunguka. Usiku tuliusikia ubao ukilia, mlio kama wa kifundo cha kidole kikivutwa. Hatimaye niliposimama ndani yake mchana niliweza kuona, kati ya ubao na ubao, malori ya mawe yakipita barabarani.

Katika hali hiyo ndipo Daktari aliporudi. Ile ya kisasa ilikuwa imegusa matumbawe alipokuwa akiingia mlango wa Kilifi, usukani ukavunjika shinani, na wimbi likaichukua mashua kama kasha tupu. Waliokolewa wote wawili na wavuvi, wazima. Mama Nekesa alisema akiingia tena kwenye chombo kile, basi atakuwa amebebwa maiti.

"Injinia, ulisema," Daktari aliniambia.

"Nilisema."

Msidhani kuna utamu katika neno hilo. Alitaka sasa kuichukua Kanga. Lakini alikuwa amekuja na kijana mmoja wa klabu, anayesifika kwa kujua mashua. Kijana aliizunguka mara moja, akapitisha ufunguo wa gari kati ya mbao mbili mpaka ukatokea upande wa pili, na kusema, "Daktari, hii imeisha. Hii ni kuni." Hakugonga. Hakuchoma kisu. Kufikia jioni hata mama wa chai ng'ambo ya barabara alikuwa akinipa pole kwa mashua yetu iliyogeuka kuni.

Nilimpinga kadiri nilivyoweza. Nilimwonyesha Daktari ncha ya kisu ikikataa kuingia. Nilimgongea kila ubao, na kila ubao ulijibu. Nilimwambia kwamba mwanga unaopita si dalili ya kifo bali ya ukavu, na kwamba kuna njia moja tu ya kujua: ijazwe maji ndani, iachwe, tuone kama itajifunga. Maji kwanza, hukumu baadaye. Akakubali kusubiri kidogo. Lakini mwenye kiwanja alikuwa amekwisha kuleta ramani ya nyumba za kukodisha, na alitaka pawe wazi kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilikwenda kulivizia lori la maji. Lilipofika nilimvuta dereva kando nikamweleza haja yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, unataka nimwage maji ndani ya mashua, na hawa wanaangalia?"

Nikageuka. Foleni ya jerikeni ilitoka pale mpaka kwenye kona ya posho mili, kinu cha unga. Mke wangu alikuwa katikati yake. Nilimwambia dereva aendelee na kazi.

Siku ya mwisho Daktari alitoa idhini ikatwe. La kuniumiza zaidi si hilo. La kuniumiza ni kwamba Mzee Karanja mwenyewe, aliyenifundisha kutosadiki macho, alikuwa amesadiki. Alikuwa amechoka, na watu wengi walikuwa wamesema. Nilimsihi tuikokote Kanga hata kando ya barabara tungojee mvua.

"Mvua gani, Barasa?" aliniuliza. "Hebu nionyeshe hiyo mvua, wewe wa ushahidi."

Akasema ataikata yeye mwenyewe, mgeni asiiguse. Akaikata kwa msumeno wa mkono. Kipande kimoja cha ubavu wa chini, pale ulipopinda kama kiganja, hakukitenganisha. Alikiacha mbao zikiwa zimeshikana kwa misumari ile ile ya shaba, akakikwangua rangi, akakiziba ncha mbili kwa mbao za mashua hiyo hiyo, akakitia miguu na kumpa Ole Sironka kiwe hori la kunyweshea ng'ombe, siku maji yatakaporudi. Hakuongeza lami. Hakuongeza pamba ya kuziba nyufa. Mbao nyingine zilikwenda kuchemsha githeri ya wajenzi.

Mvua zilikuja mwishoni mwa mwaka, wakati msingi wa nyumba umekwisha kumwagwa mahali Kanga iliposimama. Ole Sironka alituita. Alitueleza kwamba alipolijaza lile hori mara ya kwanza lilivuja pande zote, akacheka, akaliacha mvuani. Kesho yake lilivuja kidogo. Baadaye likaacha. Tulikuta limejaa pomoni, na ndama wawili waliosalia wanakunywa.

Mzee Karanja aliinama kwa shida, akapitisha kiganja chini ya hori, ubao kwa ubao, kutoka ncha moja hadi nyingine. Akakitazama kiganja. Kilikuwa na vumbi kavu.

Nilijua anachokifikiri, naye alijua kwamba ninajua. Nilikuwa na maneno tayari, maneno ya mtu aliyekuwa na haki tangu mwanzo hadi mwisho, na hayakuwa na thamani ya tone moja lililokuwa katika hori lile. Nimekaa na haki hiyo tangu siku hizo. Haijaelea popote. Mzee alirudi kwao Nyeri kabla ya Krismasi, na huko akafa bila kuiona bahari. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na halikuwa na dirisha.

Kwa hiyo msiniulize tena ipi bora. Nimewaeleza nilichokigusa.

Siku ile ya hori Ole Sironka alitaka kumfurahisha rafiki yake. Alilipiga hori kwa fimbo, likajibu kwa sauti fupi, nzima.

"Karanja, umenitengenezea kitu. Haitoi maji hata kidogo."

Mzee alikuwa bado anafuta kiganja chake kwenye suruali.

"Haikutengenezwa ishike maji ndani," alisema. "Ilitengenezwa iyazuie nje."